Mwanga wa Nyuma ya Ua wa Matete

Mama mkwe wangu mpendwa,

Bwalya ananicheka tangu asubuhi. Anasema hajapata kusikia mwanaume anayemwandikia mama mkwe barua, tena mama mkwe aliyekwisha kuzikwa. Nimemwambia anyamaze apepete unga wake, mimi nina maneno. Naye akajibu, "Weye ulikosa maneno siku gani?" Basi huyo ndiye binti yako, hajabadilika hata kidogo.

Naandika nikiwa nimekaa mlangoni pa nyumba yetu mpya, ile uliyoiacha ikiwa kuta tupu bila paa. Jua ndiyo kwanza limevuka mapaa ya majirani. Limefika kwenye goti langu la kushoto, la kulia bado lina baridi, nami nimeacha kuandika kidogo nikilisubiri livuke. Limevuka. Ungekuwepo ungeniuliza leo nimeona nini, na ningekuwa na jibu. Nina jibu kila siku siku hizi, Mama, na nafurahi nalo kama mutoto, halafu nakumbuka kwamba wa kumpelekea hayupo.

Acha nianze mwanzo, maana kuna mambo hukuyasikia kutoka kwangu. Miaka mitatu nilikaa uani kwako bila ruhusa ya kukuambia neno.

Nilivuka ziwa kutoka Katanga, kwetu Kongo, hadi kwenu Nchelenge nikiwa na begi moja, viatu vyenye ncha na saa ya mkono. Nilikuja na boti la wanunuzi wa samaki, kupakia na kurudi, siku mbili tu. Kisha nikamwona Bwalya akibishana na bwana mwenye boti juu ya kapu la samaki. Akamshinda, na boti likarudi Kongo bila mimi. Nilikuwa kijana wa migodini. Nilijua king'ora cha asubuhi na king'ora cha jioni, na jua lenyewe kwangu lilikuwa kitu cha kukunjia uso.

Mjomba Mumba, kaka yako, ndiye aliyenikalisha chini na kunieleza. Alikuwa na sauti ya hakimu siku ile. "Huku kwetu mwanaume hachukui bibi na kwenda," alisema. "Anaoa, anakaa kwa mama mkwe, anafanya kazi. Hamutazame usoni. Hasemi naye. Hakule naye. Siku mama akiona mutu anafaa, atapika chakula, atamuita, atamuingiza ndani. Hapo utamwona, utasema naye, utajenga nyumba yako. Akiona haufai, ziwa ni lile pale, na njia ya kwenu unaijua."

Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema hata mvua za miaka miwili, hata mitano. Nami, mjinga mimi, nikatazama saa yangu ya mkono kana kwamba jibu limeandikwa humo. Mjomba aliliona hilo na hakulisahau.

Hivyo ndivyo nilivyokufahamu, Mama, kwanza kwa miguu. Ua wa matete uliolitenga jiko lako na uwanja wa samaki ulikuwa haufiki chini kabisa, na chini yake niliona nyayo zako zikienda na kurudi, upesi upesi, kitenge kikivuta vumbi. Asubuhi jua lilipotoka nyuma ya jiko, kivuli chako kilipenya matete na kuanguka upande wangu, kimekatwa vipande vipande. Nilikiruka nisikikanyage. Bwalya alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi haikuwa nyepesi. Samaki walikuja na mitumbwi kutoka Chisenga, nasi tukawapasua mgongoni, tukawafungua kama kitabu, chumvi, kisha juu ya vichanja. Wewe ulitoa amri kutoka nyuma ya ua kupitia Bwalya, na Bwalya asipokuwepo uliongea na kinu. Ee Mama, kile kinu! Kilisimama mahali ua ulipoachia nafasi, nusu kwako nusu kwangu. "Kinu, samaki wa mwisho hawana chumvi." "Kinu, kuna mutu anapasua samaki kama anakata kuni." Watu wote wa pande zile walijua kwamba mama akisema na kinu, kuna mkwe anasikia. Wote isipokuwa mkwe mwenyewe.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na sijawahi kukueleza vizuri ilikuwaje.

Ilikuwa mvua za kwanza hazijakaa sawa. Vichanja vitatu vilijaa, boti la wanunuzi lilisubiriwa kesho yake, Bwalya ameteremka ziwani kufua. Mimi nimebaki na saa yangu. Nilikuwa nimejiwekea utaratibu: kila saa nzima nageuza samaki, wala si dakika moja kabla. Nilijiona fundi kweli. Jua lilikuwa kali, kisha likawa la manjano, na kisiwa cha Kilwa, kile cha humu ziwani, kikaonekana karibu mno, miti yake ungeihesabu. Sikuona chochote katika hayo. Nilikuwa natazama mshale wa saa yangu.

Wewe uliona. Ukasema, "Kinu! Mwanga umegeuka. Samaki waingie ndani!"

Sasa nisikilize. Mimi nilimwelewa Mjomba kwamba mkwe mwema hasikilizi maneno ya mama mkwe. Nikadhani Kinu ni jina la mgeni wako jikoni, mnazungumza mambo yenu ya kike. Kwa heshima nikasogea mbali. Ukapaza sauti, "Kinu, weye! Mvua!" Nikasema moyoni, lo, leo wanagombana, nikasogea tena. Ukapiga kelele kabisa, nami nikaenda nikasimama nyuma ya kichanja cha mwisho, nimekupa mgongo, vidole masikioni. Kadiri ulivyoita ndivyo nilivyokukimbia, na yote kwa adabu! Wewe nawe hukuweza kutoka, maana ungetoka tungekutana uso kwa uso, na hilo lingekuwa balaa kuliko samaki. Mvua ikaja ikitembea juu ya ziwa, ikatukuta sote wawili tumesimama kila mmoja upande wake.

Samaki wote waliharibika. Siku ya pili walikuwa wanatembea wenyewe kwa funza.

Mjomba alikuja na fimbo yake. Alisema maneno mengi, mengine ya Kibemba ambayo Bwalya alikataa kunitafsiria. Mwisho wake ulikuwa mfupi: arudi kwao. Nilifunga begi. Bwalya alilia, akanitukana, akamtukana mjomba, akalia tena. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nampenda mutu mmoja duniani, na nilikuwa nampoteza kwa ajili ya vichanja vitatu vya samaki. Moyo ulinikauka, Mama. Sitaki kukudanganya.

Ndipo nyuma ya ua ikaja sauti yako, taratibu, kama vile hakuna lililotokea.

"Kinu, mwambie ndugu yangu aache. Mutu huyu kuogopa anajua. Kuangalia hajui. Kuangalia miye nitamfundisha."

Mjomba akauliza utamfundishaje mtu usiyesema naye. Ukajibu kwamba husemi na mtu, unasema na kinu chako, na kama kuna sheria inayokataza mwanamke kusema na kinu chake ailete. Hakuwa nayo. Alichukua fimbo yake akaenda, na mimi nikafungua begi.

Masomo yalianza jioni ileile. Ulisema, "Kinu, tangu leo, jua likianza kushuka, mutu yule alete mwanga moja. Mwanga ameona yeye mwenyewe kwa macho yake. Hakuna mwanga, hakuna bukari." Kuninyima ugali! Nilifikiri ni utani. Jioni nikainama mbele ya kinu na kusema, "Kinu, leo nimeona jua." Nyuma ya ua ukagonga sufuria kwa mwiko. Halafu: "Hata mbuzi ameona jua." Bukari ikarudi jikoni, naiona inarudi, moshi wake na yote.

Siku ya pili nilisema nimeona ziwa linang'aa. Ukauliza kinu, linang'aa wapi, la rangi gani, kabla ya upepo au baada? Sikujua. Nililala na karanga.

Siku ya tatu njaa ilinitia akili. Niliamka na macho mawili. Na nikaona kitu, Mama, ambacho kilikuwa mbele yangu tangu nifike. Kulipokucha, huku Nchelenge kulikuwa bado na kivuli, jua liko nyuma yetu nchi kavu. Lakini ng'ambo, mbali kabisa, vilima vya Kongo vilikwisha kuwaka. Kisha mwanga ukateremka kule, ukaingia majini, ukaja unavuka ziwa kidogo kidogo kutufuata sisi. Nilisimama na mswaki mdomoni mpaka ukafika miguuni. Jioni nikakiambia kinu yote hayo, nikaongeza kwa majivuno kwamba kila asubuhi jua linaanza kwetu Kongo, kwenu linakuja baadaye. Ukacheka! Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chako, kicheko cha kukohoa kohoa. Bukari ikaja, na kichwa cha samaki juu yake.

Tangu siku hiyo nilikuwa kama mutu aliyepewa ruhusa ya kuokota. Nilikuta mwanga kila mahali. Nilikuletea maji ya beseni yakitupa duara linalotetemeka chini ya dari ya nyasi. Nilikuletea vumbi la muhogo pale Bwalya anapopepeta, unga mweupe umesimama hewani ndani ya mstari mmoja wa jua, yeye mwenyewe hajui. Nilikuletea nyavu mbichi, kila fundo na tone lake. Ukanifundisha nawe, kwa kinu, kumwinua samaki na kumtazama dhidi ya jua: akiwa tayari mwanga unapita mwilini mwake wa rangi ya asali, na akiwa na maji bado, pale penye maji ni peusi. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilipiga kelele. Mwaka mzima nimewashika samaki kwa mikono na sikujua kwamba wana dirisha.

Siku moja nilipotea kidogo. Bwalya alikuwa amekaa mbele yangu anasuka nywele za jirani, jua liko nyuma yake, na masikio yake yote mawili yakawaka mekundu, unaona na mishipa midogo ndani. Nikasahau kwamba kinu kina mwenyewe. Jioni nikasema, "Kinu, leo nimeona masikio ya bibi yangu yanawaka moto, ni mazuri, nilitaka kuyala." Nikakumbuka niko naongea na nani, nikaziba mdomo. Kisha nikasikia mtu anakohoa, anakohoa, anapiga kitu kwa kiganja, na sauti ikasema kwa shida, "Kinu, mwambie ayaache, tunayahitaji." Bwalya hakuongea na mimi siku mbili.

Saa yangu ilisimama wakati fulani katika mwaka huo. Siwezi kukuambia siku gani, kwa sababu sikuona.

Majirani walinicheka, wacha nikiri. Walisema mkwe wa ng'ambo anatubu kwa kinu kama kwa padri. Mjomba alipita na kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa na furaha, furaha ya kweli, ile inayomwamsha mtu kabla ya jogoo. Kule migodini nilikuwa na mshahara na viatu, na jioni nikiulizwa siku ilikuwaje nasema, imepita. Kwako haikupita siku bila kuniachia kitu mkononi. Ila jambo moja lilinikaa rohoni. Niliona mwanga juu ya kila kitu cha dunia hii isipokuwa uso wa mtu aliyenifundisha kuuona. Nilianza kukuwazia. Nikakupa pua ya Bwalya, kisha nikaiondoa. Nikakupa uso mpana kwa sababu ya sauti. Kila mvua ilipokwisha nilijiuliza, je, ataniita? Na mjomba alikuwa bado hajasahau ile siku ya saa.

Kisha ikaja mvua ya tatu. Vichanja vimejaa, Bwalya ana mutoto wetu mgongoni yuko shambani, niko peke yangu uwanjani. Juu ya kichwa anga bluu, hakuna wingu hata la dawa. Nilikuwa nageuza samaki, nikatazama chini, kivuli cha ua. Siku zote matete yale yalichora mistari mikali juu ya mchanga, kila unyasi na ncha yake. Sasa ncha zilikuwa zimelegea. Mstari na mstari umeanza kuingiliana. Sikufikiri. Nilikamata kapu nikaanza kuingiza samaki, kichanja cha kwanza, cha pili, nakimbia, naanguka, nasimama. Mjomba alikuwa anapita njiani, akasimama akaniuliza kama nimerukwa na akili, jua lote hili! Nikamwaga samaki ghalani, nikarudi mbio. Chini ya ua niliona nyayo zako. Zilikuwa zimesimama kimya kabisa karibu na kinu.

Nilikuwa na samaki wa mwisho kifuani mvua ilipotufikia. Mjomba alilowa mpaka mifupa. Samaki hakulowa hata mmoja.

Nikakaa kizingitini mwa ghala, napumua kama mbwa. Na katikati ya kishindo cha mvua nikasikia, "Kinu, leo hauna kazi."

Jumamosi iliyofuata wanawake walikuja kupika. Nakumbuka vigelegele, na mabakuli yaliyofunikwa, na mjomba aliyevaa koti lake la kanisani akanielekeza mahali pa kukaa juu ya mkeka, sauti ya hakimu imemwisha. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Niliona nyayo zile nilizozijua zikija, na mara hii hapakuwa na ua juu yake. Ukapiga magoti. Ukafunua bakuli, ukamega bukari, ukaichovya, ukaniwekea kiganjani. Ukasema, "Sasa inua macho, mutoto wangu."

Mama, nilishindwa. Nilikuwa nimezoea kutokutazama. Ukanishika kidevu kwa vidole vyenye mchuzi ukaniinua mwenyewe.

Ulikuwa mdogo! Sauti yote ile na uso mdogo namna ile! Nyasi za paa zilikuwa na matundu, na vidoa vya jua vilikuwa vinatembea mashavuni mwako kila ulipocheka, kimoja kikaingia mdomoni kwenye pengo la jino. Nilisema, "Kumbe ndiyo weye." Ukasema, "Kumbe nani? Miye nimekuona kila siku. Matete yana nafasi. Weye ndiye uliyekatazwa." Wanawake wakaangua kicheko, na mimi mwanaume mzima nikalia mbele yao, nikala bukari yenye machozi, tamu sijala tena.

Tulipata kipupwe kimoja na mwanzo wa joto. Ndiyo yote tuliyopewa. Nilikuja kila asubuhi kukusalimu, nikakaa mbele yako bila sababu, ukaniambia nina kazi ya kufanya, nikakaa tu. Hukuumwa sana, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Ulilala mchana na hukuamka.

Bwalya huniuliza kama sioni uchungu, ua miaka mitatu na uso miezi michache. Naona. Kuna asubuhi nafika pale jikoni kwako na miguu haiendi mbele. Lakini ngoja nikueleze lililotokea juzi, ndilo hasa lililonifanya nitafute karatasi.

Mjomba Mumba alikuja hapa. Peke yake, bila fimbo. Akakaa, akasifu paa, akasifu mutoto, akakohoa. Nikajua ana jambo. Mwishowe akasema anakuona ndotoni lakini uso wako haukai sawa, unamkimbia. Picha hukupigwa hata moja. Mlizaliwa nyumba moja, mmezeeka kijiji kimoja, amekutazama maisha yake yote. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba moto kwa jirani, "Jicho la dada yangu lililokuwa dogo, lilikuwa lipi?"

Nikamwambia, "La kushoto, Mjomba. Na asubuhi lilikuwa linachelewa kufunguka. Lile lingine linafunguka kwanza, linakutazama, halafu la kushoto linakuja na tabasamu."

Akafunika uso kwa mikono. Akasema, "Endelea."

Nikaendelea, Mama. Nilimpa kovu la nyusi, na ile mvi moja iliyokataa kitambaa, na rangi ya mashavu yako saa ya kuwasha moto na saa ya kuuzima. Alikaa kwangu mpaka mchana, na sikurudia kitu mara mbili.

Pumzika vema. Bwalya anakusalimu, mutoto anakusalimu, na hapa kwetu sasa jua limefika mapajani.

Mimi,
mkwe wako wa ng'ambo, uliyemwingiza mwenyewe